Hasheem wa Connecticut: Bawabu au Mrefu Tu?



Mwezi uliopita, baada ya mazoezi ya vijana katika ukumbi wa skuli, wakati chai ikimiminwa na sahani ya kaimati ikipita mkono kwa mkono, palizuka mabishano ambayo hayakwisha usiku ule wala wiki iliyofuata. Chanzo chake kilikuwa mzaha. Kijana wetu mmoja alikuwa akiinama ili apite mlangoni bila ya kugonga kichwa, na baba mmoja akasema, "Tazameni, Hasheem wetu huyo." Mzee mwengine, mtu wa Mombasa asiyeacha neno lipite hivi hivi, akajibu hapo hapo: "Mwombee kijana jengine. Hasheem alishindwa."

"Alishindwa wapi?" akauliza mzee wa tatu, aliyecheza mpira wa kikapu Unguja enzi za ujana wake. "Sema alishindwa wapi, na nani, na mwaka gani."

Basi chai ikapoa.

Tungeliacha jambo hili libaki la barazani, kama yalivyobaki mabishano mengi ya Simba na Yanga, lau si mama wa kijana yule. Mkobani mwake alikuwa na barua. Skuli moja ya Marekani, katika zile zinazowaandaa wachezaji kwa ajili ya vyuo vikuu, inamtaka mwanawe ahamie huko mapukutiko yajayo, naye ndiyo kwanza yumo mwaka wa kwanza wa gymnasiet. Mama akatwambia, "Nyinyi mnabishana kwa kujifurahisha. Mimi natakiwa nijibu. Hebu nielezeni vizuri: huyo Hasheem alikuwa mchezaji wa namna gani, na nini kilimpata?" Tukaona yatupasa kumjibu kwa maandishi, tukikusanya yaliyosemwa na pande zote mbili na kutia yale tuliyoyahakikisha sisi wenyewe. Na kwa kuwa si yeye peke yake mwenye mtoto mrefu katika majumba haya, tunayachapa hapa wote wayasome.

Kwa faida ya vijana waliozaliwa jana, Hasheem Thabeet ni mtoto wa Dar es Salaam, aliyezaliwa tarehe 16 Februari 1987. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Mpira wa kikapu aliushika akiwa na umri wa miaka 15 hivi, umri ambao watoto wa hapa Sweden walioanza mapema wameshavaa jezi za klabu miaka 7 au 8. Kutoka Dar alipitia Nairobi, kisha akavuka kwenda Marekani, ambako alimalizia skuli katika mji wa Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Kocha wa hapo, Jim Calhoun, alikuwa ameshatwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya nchi nzima mara mbili, mwaka 1999 na mwaka 2004. Si chuo cha mazoezi ya jioni. Hasheem aliingia humo na mita 2.21 za kimo, na miaka isiyozidi mitano ya kuujua mchezo.

Ukitaka kumtendea mtu haki, mtazame alikoanzia. Msimu wake wa kwanza, timu ilishinda mechi 17 na kufungwa 14, wala haikuingia katika mashindano ya taifa. Hasheem alikuwa akipata wastani wa pointi 6.2 kwa mechi. Msimu wa pili akafika pointi 10.5 na ribaundi 7.9, yaani mipira iliyogonga goli ikarudi naye akaidaka. Msimu wa tatu, ule wa 2008 na 2009, akapata pointi 13.6 na ribaundi 10.8, na timu ikashinda mechi 31 na kufungwa 5 tu. Ama bloki, yaani kuupiga mpira wa adui ukiwa hewani kabla haujafika golini, alizipata tangu siku ya kwanza: wastani wa 3.8, kisha 4.5, kisha 4.2. Alipoondoka alikuwa na bloki 417 kwa miaka 3, akimfuata Emeka Okafor peke yake, mwenye 441, katika historia ya chuo kile. Makocha wa vyuo walimchagua kuwa mlinzi bora wa Marekani nzima mwaka 2008, wakamchagua tena mwaka 2009.

Mzee wa Mombasa hakuzikana tarakimu hizi. Hoja yake ilikuwa nyengine. "Mtu wa mita 2.21 akisimama chini ya goli," alisema, "hata akilala usingizi atapiga bloki. Mnausifu mnazi kwa kuwa mrefu."

Hapo mzee wa Unguja akainuka. Akapanga vikombe juu ya meza: kimoja kikawa goli, vitano vikawa Connecticut. Tunayaeleza aliyoyaeleza kwa sababu wengi wetu hutazama mpira unakokwenda tu, tusione kinachotendeka mbali na mpira.

Ukiwa na bawabu wa kuaminika mlangoni, alisema, watu wa uani wanaweza kuacha kazi ya kulinda mlango wakatoka kwenda kugombana barabarani. Connecticut ya mwaka 2009 ilikuwa na walinzi wepesi: A.J. Price, Craig Austrie, Jerome Dyson, na kijana wa mwaka wa kwanza aliyeitwa Kemba Walker, ambaye miaka miwili baadaye aliiongoza timu hiyo hiyo kutwaa ubingwa. Hawa waliweza kumbana mwenye mpira kifua kwa kifua, wakijua kwamba hata akiwapita, mbele yake yupo Hasheem. Adui aliyekwisha kuwapita aliuona ule mkono ukimngoja, akasita, akaurudisha mpira nyuma au akautupa kwa pembe isiyo yake. "Nyinyi mnahesabu bloki," alisema mzee. "Hesabuni na mitupo ambayo haikutupwa. Hiyo haimo katika daftari lolote."

Nasi twaona amesema kweli. Wala si kweli kwamba urefu peke yake unatosha kwa kazi hiyo. Warefu wengi huruka mapema mno, adui akijifanya anatupa wao wameshapaa, na wanaposhuka wamemwangukia mtu, likapulizwa faulo. Katika michezo ya vyuo, faulo 5 zinakutoa nje. Kijana aliyeanza mchezo na miaka 15, akajifunza kungoja, mikono juu, miguu chini, mpaka mpira uondoke kiganjani mwa mwenzake, huyo amefanya kazi ya akili. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alipata pointi 15, ribaundi 11 na bloki 10 katika mechi moja. Minazi haifanyi hivyo.

Hata hivyo kuna juma moja la Februari mwaka ule ambalo kila anayemjadili Hasheem lazima alipitie, awe anamsifu au anamlaumu.

Jumamosi ya tarehe 14, Connecticut ilicheza na Seton Hall. Hasheem akapata pointi 25 na ribaundi 20, na bloki 9 juu yake. Timu ilikuwa ya kwanza nchini katika orodha ya ubora. Jumatatu ya tarehe 16, siku aliyotimiza miaka 22, walikuja Pittsburgh, ambao walikuwa wa 4. Senta wao aliitwa DeJuan Blair, mtu wa mita 2.01, mfupi kuliko Hasheem kwa sentimita 20, lakini mpana wa mabega na mzito wa nyonga. Mapema tu katika mchezo, wakigombea mpira, mikono yao ikashikana, Blair akainama, na Hasheem akapinduliwa juu ya bega lake kama gunia la mchele linaloshushwa kwenye jahazi. Akaanguka chali. Alirudi uwanjani baadaye, lakini hakurudi yule wa Jumamosi. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem alimaliza na pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh 76, Connecticut 68.

"Hapo ndipo aliposhindwa," alisema mzee wa Mombasa. "Umeniuliza wapi, na nani, na mwaka gani. Nimekujibu."

Hatuwezi kumkatalia. Udhaifu wa Hasheem ulikuwa chini ya kiuno. Miguu yake ilikuwa mirefu na membamba, na mtu mzito aliyempangia kiwiliwili mapema, kabla mpira haujafika, aliweza kumsukuma hatua mbili kutoka golini. Na mlinzi wa goli aliyesogezwa hatua mbili hana tena alilindalo. Mikono nayo ilikuwa na tatizo: pasi ya haraka iliyomjia chini ya kifua mara nyingi ilimponyoka. Alifunga zaidi ya nusu ya mitupo yake, kwa sababu aghalabu alitupa akiwa karibu kiasi cha kudanki, lakini hakuwa na mtupo wa kumtoa adui golini. Pasi za kumfungisha mwenzake zilikuwa chini ya moja kwa mechi. Kwa maneno mengine, mpira ulipomfikia, timu ya upande wa pili ilijua tayari kitakachofuata.

Lakini msomaji atupe ruhusa tuulize: je, hayo Calhoun hakuyajua? Aliyajua kuliko sisi. Ndiyo maana hakumpa Hasheem kazi ya kuongoza mashambulizi. Aliyepambana na watu wazito alikuwa Jeff Adrien. Aliyeamua mpira uende wapi alikuwa Price. Hasheem alipewa mlango, na vitu viwili vidogo vya kuongezea: adake mipira inayorudi, na amalize alipowekewa mpira juu ya goli. Kazi chache, zilizo wazi, alizozijua kwa moyo. Kwa kazi hizo timu ilifika mechi nne za mwisho za taifa, mjini Detroit, ilipotolewa na Michigan State kwa 82 kwa 73. Na jimbo lake la mashindano, lile la Big East, lilipotoa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka 2009, liliwagawia watu wawili: Blair na Hasheem. Waliompiga kura walikuwa wameiona ile mieleka ya Februari, na bado wakamchagua.

Tuongeze kisa kimoja, ingawa si cha lazima. Mwezi Machi mwaka ule, Connecticut na Syracuse walicheza mechi ya nyongeza 6, Syracuse wakashinda kwa 127 kwa 117. Ilimalizika saa 7 na dakika 22 usiku kwa saa za New York. Hapa kwetu ilikuwa saa 12 na dakika 22 asubuhi. Baba mmoja wa Norsborg ametusimulia kwamba alikesha akiifuatilia, akaswali alfajiri kati ya nyongeza mbili ambazo hakumbuki ni zipi, kisha akapanda treni ya kwenda kazini bila ya kujua nani ameshinda. Alikuwa akimfuatilia mtoto wa Dar. Huyo naye ni shahidi katika mabishano haya, ingawa siku ile hakuwepo kwenye kaimati.

Sasa tuingie penye uchungu. Baada ya miaka 3 Hasheem aliacha chuo, na mwezi Juni 2009 timu ya Memphis ikamchagua wa 2 kati ya wachezaji wote waliokuwa wakiingia katika ligi ya NBA. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza humo. Wa 1 alikuwa Blake Griffin. Wa 3 alikuwa James Harden, na wa 7 alikuwa Stephen Curry. Kila anayetaka kumcheka Hasheem huanza na majina haya mawili. Lakini tazameni na chini ya orodha. Wa 37 alikuwa yule yule DeJuan Blair. Na wa 39 alikuwa Jonas Jerebko, kijana wa hapa Sweden, aliyecheza katika ligi ile hadi mwaka 2019. Hasheem wa 2 alicheza mechi 224, wastani wa pointi 2.2, akapita Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 ikawa ndiyo mwisho wake katika NBA. Baadaye alicheza Japani na Taiwan.

Watu husema: alipanda juu, akaonekana hajui. Sisi twaona jambo hili lina sehemu ambayo haisemwi, nayo ni sheria. Katika michezo ya vyuo, bawabu anaweza kusimama chini ya goli muda wote apendao. Katika NBA, tangu mwaka 2001, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa katika eneo lile zaidi ya sekunde 3. Tena mstari wa pointi 3, ambao vyuoni mwaka ule ulikuwa mita 6.32 kutoka golini, katika NBA ni mita 7.24 kwa upande wa mbele. Maana yake ni kwamba adui wanatawanyika mbali zaidi, uwanja unakuwa mpana, na yule bawabu anatolewa mlangoni mwake akambiwa awafuate watu barabarani. Miguu iliyomsaliti mbele ya Blair ndiyo hiyo sasa aliyotakiwa aitegemee kila usiku. Kazi aliyoijua kwa moyo ilifutwa, akapewa ambayo hakuwahi kufundishwa, na Memphis tayari walikuwa na senta mwengine, Marc Gasol. Msimu wa kwanza Hasheem alichezeshwa dakika 13 hivi kwa mechi. Mwezi Februari 2010, akiwa ametimiza miaka 23, akapelekwa ligi ya chini katika timu ya Dakota Wizards, mji wa Bismarck, ambako baridi yake inaizidi hii yetu tunayoilalamikia. Hajawahi mtu aliyechaguliwa juu kiasi kile kuteremshwa huko kabla yake.

Mzee wa Mombasa alisema kosa ni kutobaki chuoni mwaka wa 4. Mzee wa Unguja alisema la, aliondoka wakati wake: goti lingeweza kuvunjika Novemba, na aliyechaguliwa wa 2 hulipwa mamilioni ya dola hata akikaa benchi, na nyumbani ana mama. Katika hili sisi tuko na mzee wa Unguja, kwa shingo upande. Mwaka wa 4 ungemwongezea nguvu za miguu kidogo, pengine na mtupo mmoja wa kutegemea. Usingebadilisha sheria ya sekunde 3. Aliyechelewa kuanza kwa miaka 8 halipi deni hilo kwa miezi 9.

Ilikuwa hapo ambapo mama wa kijana, aliyekuwa kimya muda wote akikusanya vikombe (vikiwemo vile vitano vya Connecticut), aliuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria.

"Ile siku aliyoangushwa. Mmesema ilikuwa siku ya kuzaliwa kwake. Alirudi kwa nani?"

Tukajibu kwamba alirudi bwenini, kwa wenzake, na kwa kocha aliyekuwa naye mwaka wa tatu.

"Na huko kwenye baridi, alipoteremshwa? Alirudi kwa nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mzee wa Mombasa mwenyewe, ambaye miaka yake ya kwanza katika nchi hii aliishi peke yake katika chumba cha kupanga, aliitazama meza.

Tangu siku ile tumemsaidia mama huyu kuandika maswali ya kuiuliza skuli iliyomtumia barua, na tunayaweka hapa kwa atakayeyahitaji. Mtoto atakaa kwa nani, na nani atatia sahihi kwa niaba ya mzazi akiugua? Goti likivunjika mwezi wa pili, nani analipa hospitali, na nafasi ya skuli inabaki? Chakula chake kitakuwaje, na mwezi wa Ramadhani mazoezi yatapangwaje? Vyeti vya skuli hiyo vinakubaliwa na chuo gani, kwa jina? Nani amewahi kutoka hapo akaingia chuo kikuu, na yuko wapi leo?

Kuhusu fedha, wazazi wengi wamesikia kwamba wanafunzi wachezaji siku hizi wanalipwa. Ni kweli kwamba tangu tarehe 1 Julai 2021 wanaruhusiwa kupata pesa kwa majina yao na picha zao, jambo ambalo enzi za Hasheem lilikuwa haramu kwao, na tangu mwaka 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Lakini mwanafunzi mgeni aliyeingia kwa viza ya masomo anabanwa na sheria za uhamiaji za kule kuhusu kufanya kazi, na ambalo ni halali kwa Mmarekani huenda likawa sababu ya yeye kurudishwa. Msiipigie hesabu pesa hiyo. Kinyume chake, gymnasiet hapa ni bure, anarudi nyumbani kula, na akimaliza bado anaweza kuomba chuo cha Marekani moja kwa moja, hata kuomba msaada wa CSN kwa masomo ya nje. Jerebko hakupitia chuo chochote cha Marekani. Emeka Okafor aliondoka Connecticut baada ya miaka 3, kama Hasheem, lakini aliondoka na shahada ya mambo ya fedha mkononi. Njia ni zaidi ya moja.

Na kuhusu mchezo wenyewe tuna neno kwa wanaowafundisha vijana wetu, nalo hatulisemi kwa kuwakosea heshima, kwani wanajitolea wikendi zao. Kila mtoto aliyerefuka mapema husimamishwa chini ya goli na kuambiwa anyanyue mikono. Timu ya watoto inashinda, wazazi wanapiga makofi, na mtoto anafika miaka 17 hajawahi kuupeleka mpira mbele hata mara moja. Hasheem alikuwa na udhuru: alianza na miaka 15, hapakuwa na wakati. Wetu wanaanza na miaka 8. Mpeni mrefu mpira. Mwacheni aupoteze, acheze mbali na goli, atoe pasi mbovu mbele ya mama yake. Mechi za vijana za Botkyrka zikifungwa kwa sababu hiyo, zifungwe.

Mama ameshaijibu barua. Ameshukuru, akaandika kwamba mwanawe atamaliza gymnasiet kwanza, na kama bado watamtaka baada ya hapo, waje Hallunda wakae naye mezani. Skuli haijajibu.

Kijana mwenyewe hakufurahi. Juma lililopita alitukuta kwenye kituo cha treni, akatuamkia kwa adabu kama alivyolelewa, akapita bila ya kusimama. Hatumlaumu. Angekuwa mtoto wetu, na angekuwa na miaka yake, angetupita vile vile. Jumapili, hata hivyo, alikuja mazoezini. Kocha alimtoa chini ya goli akampa kazi ya kuuleta mpira, na katika dakika 10 za kwanza alinyang'anywa mara 6. Mara ya 7 alimpita mtu. Mzee wa Mombasa alikuwa amekaa ukutani na kofia yake magotini, akasema, bila ya kumwangalia yeyote, kwamba Hasheem hangeweza kufanya vile.

Mzee wa Unguja akamjibu kwamba Hasheem hakuombwa. Mabishano yakaanza upya.

Mazoezi yanaendelea kila Jumapili saa 9 alasiri, viatu vya ndani tafadhali. Wenye maoni juu ya makala hii watuletee kwa maandishi kabla ya tarehe 20. Kaimati za mwezi ujao ni zamu ya familia za Norsborg.